Mkono Ulioinuka Kwanza

Ilikuwa mara ya pili kwa fundi cherehani kufika kituoni kushitaki kwamba mtu anayelala katika chumba cha kaka yake si kaka yake. Mara ya kwanza askari wa kaunta walimcheka hadi akaondoka. Mara hii hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya Inspekta, akavuta kiti na kukaa kabla hajakaribishwa, vidole vyake bado vina vumbi la chaki ya kupimia nguo.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aliyezoea kuuliza swali moja dogo na kulirudia mpaka mtu atokwe jasho. Vijana wa kituoni walimwita Sindano. Walidhani hajui.

“Anza upya,” alisema. “Nisimulie kama vile sijasikia kitu.”

“Afande, kaka yangu aliondoka nyumbani miaka mingi iliyopita. Alidandia lori, akaenda kutafuta maisha. Hakupiga simu wala hakutuma salamu. Sasa linakuja jitu lina ndevu na kovu shavuni, linabisha hodi, linasema, ‘Mama, nimerudi.’ Mama macho yake yamekwisha, akalikumbatia akilia.”

“Na wewe?”

“Mimi nilitazama mikono.”

“Mikono ina nini?”

“Kaka alikuwa mtu wa kushoto. Si kushoto ya kubahatisha, kushoto kwelikweli. Mtaa mzima ulimwita Mashoto. Akila kwa kushoto anapigwa, akiandika kwa kushoto anapigwa, mpaka mwalimu akachoka yeye. Huyu anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, hata kitasa anashika kwa kulia. Ule wa kushoto anautia mfukoni kama kitu cha kuazima.”

“Watu hubadilika, fundi.”

“Ndugu yangu hawezi kurudi, Afande. Huyo ni mwizi wa jina. Mtoe nyumbani kwetu kabla hajatumaliza.”

Aliyasema hayo huku ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Inspekta alikuwa amewaona watu wengi waliotapeliwa. Huja na hasira. Huyu alikuja na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko habari aliyoileta. Akachukua mkoba wake, akamwambia atangulie kazini kwake, yeye atapita nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye baraza pana na ua wa nyuma. Barazani alikaa mama mtu mzima akichambua maharage katika ungo, akiyatambua mabovu kwa ncha za vidole.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi? Nimesikia viatu.” Akacheka kidogo. “Huyu binti yangu amenichosha. Mtoto nimemzaa mimi, yeye ananifundisha kumjua!”

“Anasema huyu wa sasa anatumia kulia.”

“Nimesikia. Na mimi nikiwa kijana nilimfunga ule wa kushoto kwa kitambaa, nikidhani nitamkomesha. Alilala nacho. Asubuhi nikamkuta anashika kijiko kwa vidole vya mguu! Nikasema basi, mwacheni. Hata baba yangu mzazi alikuwa hivyohivyo, shoka lake hakuna aliyeweza kufanya nalo kazi. Wengine walinituhumu eti nimemlaza vibaya nikimnyonyesha. Kila mtu ana lake.”

“Wewe umemjuaje, Mama, kama macho hayaoni?”

Mikono ya mama ikatulia juu ya maharage. “Alipumua,” alisema.

Huo haukuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani. Inspekta akashukuru, akazunguka nyuma.

Mtu mwenyewe alikuwa amechuchumaa uani akitengeneza bomba la maji. Alikuwa mrefu, mkavu, na kovu lake lilianzia chini ya jicho likaenda kupotelea ndevuni. Alimtazama Inspekta bila kushituka, kama mtu aliyekuwa akimtarajia.

“Dada yangu amekutuma.”

“Amekuja kulalamika. Kutumwa ninatumwa na serikali.”

“Sawa. Uliza.”

Akajibu kila kitu bila kusita: jina la mbwa waliyekuwa naye utotoni, mahali paa lilipovuja, dawa chungu aliyokuwa akinyweshwa na shangazi. Inspekta alipomwomba mate kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, alifungua mdomo kabla pamba haijatoka kwenye karatasi yake. Hilo nalo Inspekta aliliweka akilini. Maabara ingechukua majuma kujibu, na kila tapeli analijua hilo, lakini Inspekta hakuwahi kumwona tapeli anayefungua mdomo upesi namna ile.

“Na mkono?”

“Kazini walinibadilisha. Mashine zote zimetengenezwa kwa watu wa kulia. Ukikaidi, inakukata kidole.”

“Kazi gani?”

“Kazi za watu,” alisema, akarudi kwenye bomba.

Inspekta alibaki amesimama, akitazama. Yule mtu alikifungua kipande cha bomba kwa mkono wa kulia, akakitikisa kutoa uchafu, kisha akakiinua kwenye mwanga kuona kama kimeziba. Akachungulia kwa jicho la kushoto. Baadaye kidogo simu yake iliita. Akaitoa kwa mkono wa kulia, na mkono ule ukavuka uso mzima mpaka ukaiweka simu kwenye sikio la kushoto. Alizungumza hivyo, amejikunja kama mtu aliyejifunga mwenyewe, wala hakuona ajabu. Alipomaliza, ndoo ilikuwa njiani. Akaisukuma kando kwa mguu. Mguu wa kushoto.

Kando yao palikuwa na stuli yenye glasi ya maji. Inspekta akageuka kana kwamba anaondoka, na mkoba wake ukaipiga ile glasi.

Bega la kushoto la yule mtu liliruka. Mkono wa kushoto ukachomoka mfukoni, ukainuka hadi usawa wa kiuno kuifuata glasi, na hapo ukakwama. Vidole vilikuwa vimekunjamana, havikufunguka. Glasi ikavunjika chini. Mkono wa kulia ulifika baada ya vipande kutawanyika.

Wakatazamana. Yeye akaurudisha mkono mfukoni, taratibu.

“Samahani,” Inspekta alisema.

“Si kitu. Ni glasi tu.”

Mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia mume wa fundi, msimamizi wa machimbo ya mawe, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili. “Afande! Karibu! Mke wangu amekusumbua bure. Huyu ni shemeji yangu, nimlishe kiapo gani?” Akampiga yule mtu mgongoni. “Si ndiyo, shemeji? Tena kesho nampeleka machimboni akachague mawe, tumjengee Mama chumba kizuri.”

“Machimbo gani?” aliuliza Inspekta.

“Yale ya zamani. Mawe yake ndiyo mazuri.”

Yule mtu mwenye kovu aliendelea kukaza bomba. “Nitakuja,” alisema. “Napakumbuka.”

Kicheko cha Msimamizi kikapungua kidogo, kisha kikarudi.

Asubuhi iliyofuata Inspekta alikuwa hospitalini, mbele ya daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akinywa chai iliyopoa katikati ya wagonjwa wawili.

“Daktari, kwa nini wengine huzaliwa wa kushoto?”

“Ukipata jibu kamili niletee, nami niwe maarufu.” Akasukuma kikombe pembeni. “Tunachojua ni vipande. Mambo yanaanzia tumboni. Ukimpiga mtoto picha kabla hajazaliwa unamwona ana kidole anachokipenda kunyonya, na mara nyingi ndio mkono atakaoutumia. Damu ya ukoo imo, lakini hakuna kinasaba kimoja unachoweza kukinyooshea kidole. Ni vingi, kila kimoja kina nguvu ndogo. Na bahati tu nayo imo. Mapacha waliofanana kama sarafu, mmoja kulia, mwingine kushoto, ninao katika kliniki yangu.”

“Malezi?”

“Malezi yanaweza kuuficha mkono. Hayawezi kuufuta.”

Inspekta akamsimulia juu ya bomba, simu, ndoo na glasi. Daktari alisikiliza akikunja uso.

“Jicho, sikio na mguu, sikiliza, hivyo peke yake si ushahidi. Wapo watu wa kulia wanaochungulia kwa jicho la kushoto, tele. Lakini vyote pamoja, na mkono ukaruka wenyewe bila kuulizwa? Huyo amezaliwa wa kushoto. Ningeweka dau.”

“Anasema walimbadilisha kazini.”

“Anakudanganya.” Daktari aliinua mkono wake mwenyewe. “Aliyefundishwa kulia hapotezi kushoto. Mtupie kitu ghafla, atakidaka vizuri tu, kisha atajishangaa. Mkono unaoinuka halafu ukaishia njiani, na vidole vikakunjamana, hapo pana kitu kimekatika. Mishipa ya begani, ningesema. Naiona kwa watu wa pikipiki. Naiona pia kwa aliyeanguka kutoka juu, akanasa kitu kwa mkono mmoja, uzito wake wote ukaning’inia hapo.”

Inspekta alitoka akasimama kwenye ngazi za hospitali, watu wakimpita kushoto na kulia.

Tapeli anayeiba jina la mtu aitwaye Mashoto, jambo la kwanza angeliiba ni kushoto kwake. Angekuja anakula kwa kushoto, anapunga kwa kushoto, anawachosha watu kwa kushoto. Huyu alikuja bila mkono, na bado kila sehemu nyingine ya mwili wake ilimtaja. Alikuwa ndiye. Kaka mtu amerudi kwao, amelemaa, na anaficha namna alivyolemaa.

Ikabaki dada. Dada ambaye hakusema, “Ndugu yangu hajarudi.” Alisema, “Hawezi kurudi.” Mtu aliyepanda lori anaweza kurudi siku yoyote. Kuna aina moja tu ya safari ambayo aliyekwenda hawezi kurudi, na ili kuisema kwa uhakika ule, lazima uwe ulimwona anaondoka.

Akaita gari.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na nguo zisizo na mikono zikining’inia ukutani. Fundi alikuwa peke yake. Aliposikia kwamba yule mtu ndiye kaka yake, hakufurahi wala hakubisha. Aliendelea kukanyaga cherehani. Sindano ilipita juu ya kitambaa, ikamaliza kitambaa, ikaendelea kupiga hewa.

“Haiwezekani,” alisema.

“Kwa nini haiwezekani?”

“Haiwezekani tu.”

“Siku aliyoondoka, nani alimsindikiza?”

“Mume wangu.”

“Hadi wapi?”

“Hadi... stendi ya malori.”

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwa nini haiwezekani, fundi?”

“Afande, nimeshasema!”

“Hujasema. Mkono wake wa kushoto umelemaa kuanzia begani. Daktari anasema ni wa mtu aliyeanguka kutoka juu akanasa kitu. Alining’inia hapo mpaka mishipa ikakatika. Kwa nini haiwezekani?”

Cherehani ikasimama. Fundi alijifunika uso kwa kile kitambaa, na sauti ikatokea ndani yake, nyembamba, ya mtoto.

“Aliniita.”

Inspekta hakusogea.

“Waligombana kwa sababu yangu. Mume wangu alikuwa ananipiga, kaka akajua. Wakaenda kuongea machimboni, yale ya zamani. Mume wangu alimsukuma. Nikamsikia anaanguka, halafu akaanza kuniita. Kadogo, Kadogo. Ndivyo alivyokuwa ananiita. Mume wangu akanishika mkono, akasema, ‘Amekwisha yule, twende.’ Na alikuwa bado anaita, Afande. Nikaenda.”

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Fundi akauteremsha uso. Ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyetoka kuugua.

“Kama ni yeye,” alisema polepole, “mbona hajasema kitu? Tunakula naye. Ananipitishia chumvi. Mbona hasemi?”

Swali hilo Inspekta alikuwa nalo tangu ngazi za hospitali, na hakulipenda. Akauliza jingine. “Mumeo yuko wapi sasa?”

“Wameondoka pamoja asubuhi. Kwenda kuchagua mawe.”

Dereva wa kituo aliendesha akipiga honi njia nzima. Inspekta alikaa mbele, fundi nyuma. Inspekta alikuwa akijilaumu. Jana alisikia mwaliko ule kwa masikio yake, akauona uso wa aliyealika, akaenda zake kutafuta daktari. Mtu aliyeshindwa kumaliza kazi mara ya kwanza alikuwa amesema kwa kicheko mbele yake kwamba anakwenda kuimalizia, na mwenzake ana mkono mmoja tu.

Machimbo ya zamani yalikuwa yameachwa kitambo. Njia imeota majani, na mwishoni mwake ardhi inakatika ghafla. Gari la Msimamizi lilikuwa limeegeshwa, milango yote wazi. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na ndege hata mmoja.

Ukingoni mwa shimo, juu ya jiwe, alikaa mtu. Mwembamba. Ndevu. Miguu ikining’inia.

Inspekta akapumua. Kisha akasikia sauti ikitoka chini, imekwaruza, ikigonga ukuta huu na ule wa mawe: “Nisaidieni! Jamani! Nisaidieni!”

Akakimbilia ukingoni. Chini kabisa, katika maji ya kijani, Msimamizi alikuwa ameshikilia mwamba kwa mikono miwili, maji yanamfika kifuani, kofia yake inaelea mbali. Mashoto hakugeuka. Alikuwa akisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake la kushoto, kama mtu anayesikiliza redio.

“Umemsukuma?”

“Alitaka kunionyesha mawe,” Mashoto alisema. “Akaniambia nisogee nione vizuri. Nikamwambia atangulie yeye.”

“Nimekuuliza, umemsukuma?”

“Nilimtazama tu, Afande. Alirudi kinyumenyume mwenyewe.” Akaiacha sauti ya chini ipite. “Mimi niliita mpaka sauti ikaisha. Nilining’inia kwenye nondo, ile pale. Mkono ukakatika ndani, nikausikia, nikapanda kwa huu mwingine. Huyu ndiyo kwanza ameanza.”

“Ulirudi kwa ajili ya hili?”

“Nilirudi kumwona Mama. Hawa wawili nilitaka nijue tu ni nani atakayesema kwanza. Nimekaa nao meza moja nikingoja. Mdogo wangu akaenda kwenu kusema mimi si mimi.”

Inspekta alimpigia dereva kelele alete kamba. Dereva akaja mbio, lakini aliyemfikia kwanza alikuwa fundi. Aliichukua kamba mikononi mwa dereva, akasogea hadi ukingoni, karibu kabisa na kaka yake, na Msimamizi akamwona.

“Mke wangu! Mungu mkubwa! Tupa kamba! Huyu mwendawazimu anataka kuniua, tupa kamba mke wangu!”

Fundi alisimama. Kamba ilikuwa imemwangukia miguuni mafungu mafungu. Chini mumewe aliendelea kuita, na kila alivyoita bila kujibiwa, jina alilomwitia likawa tamu zaidi. Mashoto aligeuza shingo, akamtazama dada yake usoni. Inspekta alinyoosha mkono kuichukua ile kamba, maana alikuwa hajawahi kuona uso mtulivu namna ile kwa mtu aliyesimama karibu namna ile na shimo.

“Niachie, Afande,” fundi alisema. “Najua kufunga.”

Akaifunga kwenye ndoano ya gari, fundo juu ya fundo, akairusha ncha nyingine chini.

“Mvuteni atoke. Nataka awe anasikia nitakachosema.”

Walimvuta. Dereva, Inspekta na fundi, na kamba ilipoteleza kiganjani, mkono wa mtu wa nne ukaishika kutoka nyuma, wa kulia, wenye nguvu. Msimamizi alitambaa juu ya majani akitapika maji, magoti yamechunika. Hakumtazama shemeji yake.

Inspekta akachuchumaa. “Nani alikusukuma?”

Msimamizi alimwangalia mkewe, akamwangalia Mashoto, akapima. Kumtaja huyu kulihitaji kueleza kwa nini.

“Niliteleza,” alisema.

“Na shemeji yako, ile siku, naye aliteleza?”

Inspekta akamfunga pingu mikono ikiwa bado inadondosha maji. Kisha akamgeukia Mashoto. “Hili la leo sijalimaliza. Nitakuuliza tena, na tena.”

“Najua,” alisema Mashoto. “Uliza.” Alilisema kwa upole, kama alivyolisema uani, bila kusita. Mkono hauna siri kwa daktari. Lakini kilichotokea kati ya watu wawili ukingoni mwa shimo, bila shahidi, hakuna bega litakaloruka kukitaja.

Shahidi alikuwapo mmoja tu, wa siku nyingine. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kaka yake. Alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto, ameutoa mfukoni, anavinyoosha vidole kimoja kimoja, na vilikuwa vinajikunja tena kila akiviachia. Mashoto hakumwondolea mkono. Hakumkumbatia pia.

“Sema, Kadogo,” alisema.

Fundi akainuka. Alisimama mbele ya mumewe, karibu kiasi kwamba maji yaliyomdondoka yalimlowesha miguu, na hakurudi nyuma.

“Andika, Afande,” alisema. “Siku ile nilikuwa nimewabebea chakula machimboni.”